Swichi Iliyo Upande wa Kushoto

Homa Bay, Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Adhiambo wangu,

Wewe na dada yako mmeenda Kendu Bay kumuaga bibi yenu, na mimi nimebaki nyumbani nikisema nina sare za shule za kumalizia. Sare zilikwisha jana. Nimebaki ili nikuandikie, kwa sababu kesho asubuhi unapanda gari la Eldoret kwenda chuoni, na kuna jambo ambalo mdomo wangu umekataa kulisema kwa mwaka mzima na zaidi. Nimefunika cherehani, nimeketi kwenye kiti chako kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala za kula kwa wakati, wala za kufunga mlango. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka ukaniuliza kama nimemeza redio. Una miaka ishirini. Baridi ya Eldoret ikikushinda utavaa sweta, na usipovaa utakohoa, na ukikohoa utavaa.

Ninachotaka kukwambia ni kwamba naogopa. Siogopi gari, siogopi wavulana, siogopi huo mji. Naogopa kwamba ukishaisoma barua hii hutarudi hapa kama mtoto arudivyo kwa mamake. Utakuja kwenye mazishi, utakuja kwenye harusi, utakaa kwenye ukingo wa kiti na mkoba mapajani, halafu utaangalia saa. Nimeona watu wa namna hiyo. Nimewahi kuwa mmoja wao.

Nianze na laptop, kwa kuwa ndiyo iliyoubeba uovu wangu.

Unakumbuka ilivyofika. Mjomba wako Samson, anayefundisha Kegonga, alipata nyingine, akasema ile ya zamani ije kwako. Nilienda kuichukua mwenyewe, nikaipakata njia nzima imefungwa kwa leso kama mtoto wa kupeleka kliniki. Ilikuwa nzito, bawaba moja imelegea, herufi ya M haipo, na betri yake iliisha kabla ugali haujaiva. Ulipoifungua ulibusu kifuniko chake. Dada yako Achieng' akakuuliza kama utaoana nayo.

Lakini haikuona mtandao wowote. Uliwasha intaneti kwenye simu yako na kuiweka kando yake, simu ikitoa na laptop haipokei. Wiki mbili ulihangaika nayo. Ulikuwa ukija kunieleza huku nashona, nami nilielewa nusu: kwamba ndani ya mashine kuna kitu kidogo kinachoshika mawimbi, na kitu hicho hakifanyi kazi bila programu yake ya kukiongoza, na programu hiyo ilifutika siku mjomba alipomwita mtu aisafishe ile mashine. Ili uipate programu ulihitaji mtandao, na ili upate mtandao ulihitaji programu. Ukasema ni kama ufunguo uliofungiwa ndani ya nyumba. Ukaandika kwenye kiganja namba zilizobandikwa chini ya laptop, ukaenda kwa rafiki yako Beryl, mkaipakua huko na kuitia kwenye flashi. Ilikuwa ya mashine nyingine. Ukarudi kwa Beryl. Ya pili ikakataa. Ya tatu ikakubali, na alama ile ya mtandao ilipotokea pale pembeni ulipiga kelele mpaka jirani akaja mbio akidhani kuna nyoka. Ulicheza na dada yako katikati ya vitambaa vyangu, mkakanyaga kola kumi na mbili za watoto wa watu.

Nayaandika haya ili ujue kwamba nilikuwepo. Nilijua ulivyoitafuta hiyo alama. Siwezi kusema sikujua.

Kuna kitu kimoja ambacho wewe hukukijua na mimi nilikijua. Siku ile Kegonga, mjomba wako aliigeuza laptop akanionyesha swichi ndogo upande wa kushoto, nyembamba kama ukucha, rangi moja na mashine yenyewe. Akaniambia, "Dada, hii ni ya kuzima na kuwasha mtandao. Watoto wa shule walikuwa wanaigusa bila kujua, halafu wananiambia laptop imekufa. Mwambie Adhi." Nilisahau kukwambia. Ulipokuwa ukihangaika na programu, swichi yenyewe ilikuwa imewashwa, kwa hiyo haikuwa na hatia, nami sikuikumbuka. Baadaye nikaikumbuka.

Sasa nikurudishe kwa dada yangu Atieno, ambaye humjui ila kwa picha moja iliyo kwa bibi yako.

Atieno alikuwa mkubwa wangu kwa miaka mitatu. Baba yenu alipokuja kuniposa, Atieno alikuwa bado nyumbani, hajaulizwa na mtu. Unajua kwetu watoto hufuatana. Mkubwa hupanda mbegu kwanza, mkubwa hujenga kwanza, mkubwa huolewa kwanza, na mdogo akimruka mkubwa watu hungoja mabaya yatokee, na yakitokea huwa wanajua pa kuyaweka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilimpenda baba yenu, Mungu amlaze pema. Nikaolewa. Atieno alinisuka nywele siku hiyo. Baada ya miaka michache akahamia Ntimaru, akawa anauza nguo za kuvuka mpaka, na hakuolewa. Nami sikwenda kumwona hata mara moja. Nilikuwa na sababu kila mwaka: mimba, mvua, cherehani, baba yenu kuugua. Kisha tukaletewa habari kwamba ameshikwa na homa na amekufa. Kwenye mazishi, nikiwa nimeinama nakinga maji bombani, nilimsikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, "Si mdogo alimruka? Hayo ndiyo malipo." Sikuinuka mpaka walipoondoka. Maji yalijaa ndoo yakamwagika miguuni.

Maneno yale nimekaa nayo miaka mingi kuliko nilivyokaa na mume. Nilipojaliwa wasichana wawili, Achieng' kwanza kisha wewe, niliyaona yakiningoja mlangoni.

Ndiyo maana wewe ulipofaulu kidato cha nne na dada yako hakufaulu, sikulala vizuri. Alirudia mtihani, ukamkataa tena, akaja kuketi kwenye cherehani ya pili bila neno. Nawe ukawa unajiandaa kwa ule mtihani wa kuingia chuo, wa kufanyiwa nyumbani kwa kompyuta, kamera ikikutazama usoni, kuufanya kwa simu hairuhusiwi na cyber hazina utulivu. Siku moja tu, saa tatu hadi saa sita, na anayechelewa kuanza hadi saa tano amefungiwa. Ulibandika masharti yake ukutani. Siku moja kabla, mteja wangu mmoja, ambaye nimemfanyia gauni la kitambaa kizuri akalifanya baya kwa kulivaa, alisimama mlangoni akaniambia kwa kicheko, "Min Achieng', mama mzima wewe, kwa hivyo mdogo anaenda university na mkubwa anabaki kushona vifungo? Yawa, na wewe hukumbuki ya dada yako?" Achieng' alikuwa hapo akikata kola. Hakuinua kichwa. Niliutazama mkasi wake ukienda, nikamwona Atieno.

Asubuhi yake ulienda kuoga mapema. Laptop ilikuwa juu ya meza hii, tayari, imechomekwa kwenye umeme, na kitambaa cheupe umekitundika nyuma ya kiti ili kamera isione vitambaa vyangu. Nilisogea. Nilijiambia nafuta vumbi. Nikaisukuma ile swichi kwa ukucha wa kidole gumba, na ilitoa sauti ndogo, tik, kama kifungo kinachoingia tunduni. Kisha nikaenda kukuchemshia chai.

Ndiyo hivyo, Adhiambo. Haikuwa programu, haikuwa uzee wa mashine wala bahati yako. Ni mimi.

Unayajua yaliyofuata, lakini hujui yalivyoonekana kutoka kwangu. Uliketi, ukawasha, na alama haikuwepo. Ukasema, "Mama, haishiki." Kwa sauti ya kawaida kabisa. Ukaizima ukaiwasha. Ukaizima simu ukaiwasha. Ukaitoa betri, ukapuliza, ukairudisha. Ukaweka tena ile programu kutoka kwenye flashi, na tukaangalia ule mstari ukijaa polepole. Ukachomeka waya wa simu moja kwa moja, ukakumbuka kwamba waya ule unachaji tu, haupitishi kingine. Achieng' akakimbia kwa majirani kutafuta waya mwingine, nyumba hadi nyumba, akarudi na tatu, zote za simu za zamani. Beryl alikuwa akifanya mtihani huohuo kwa mashine yake. Ulimpigia mjomba wako. Alikuwa darasani, simu ikalia bila kushikwa. Na mimi, mamako, niliomba moyoni asiishike. Niliomba kwa jina la Mungu. Hata sasa nikipiga magoti kanisani huwa naona haya kutumia jina lilelile.

Saa nne ulikuwa umelowa jasho na hujalia bado. Ukasema, "Twende kwa Salim." Mimi, wewe na laptop juu ya boda boda moja, mashine umeipakata. Nilikuwa nimekushika kiuno na nilihisi moyo wako ukipiga kupitia mgongoni. Nilikuwa na njia nzima ya kusema. Kila kona nilisema nitasema kwenye kona inayofuata.

Dukani kwa Salim, fundi wa simu na kompyuta, ukutani kulikuwa na saa kubwa, unaikumbuka. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini na tano. Ulimweleza haraka haraka, naye Salim, kwa utaratibu wake ule wa watu wa Mombasa, akafuta mikono, akaivuta mashine. Ukatoka nje kujaribu tena kumpigia mjomba. Salim hakuwasha chochote. Aliigeuza tu, akapitisha kidole upande wa kulia, akapitisha upande wa kushoto, akasimama. Akaniangalia akicheka.

"Mama Achieng'," akasema, "hii haina ubovu. Ni swichi tu."

Nami nikamshika mkono.

Nilimtikisia kichwa. Alinitazama, akatazama nje ya mlango ulikokuwa umesimama, akaitazama saa. Dakika thelathini na tano zilikuwa zimebaki. Ungeweza kuketi pale pale juu ya kiti chake, kati ya simu mbovu, ukaanza mtihani wako ukiwa na muda wa kutosha. Nilizijua hizo dakika, nilikuwa naziona kwa macho.

Nimefikiri sana juu ya hapo, kuliko hata juu ya asubuhi. Asubuhi nilikuwa namwogopea dada yako. Kilikuwa kitendo cha kijinga cha mtu mwenye hofu, na ningeweza kukutazama usoni na kukiita hivyo. Lakini dukani sikuwa nikimwogopea Achieng' tena. Hata sikumkumbuka. Nilikuwa naogopa kwamba Salim akiisukuma ile swichi utaniuliza nani aliigusa, na mjomba atashika simu, na utajua. Mwaka wako niliuuza ili nisionekane. Hofu ya kwanza ilikuwa na mtu ndani yake, ya pili ilikuwa na mimi tu. Ukiwahi kuwa na mtoto, au hata mgonjwa mkononi mwako huko kwenye uuguzi, na ukafanya kosa, utaijua hiyo ya pili ikija. Huja upesi, na huja na maneno mazuri.

Ulirudi ndani. Salim akasema, bila kukutazama, "Binti yangu, niachie hadi jioni." Huo haukuwa uongo na haukuwa ukweli. Ukamwambia, "Lakini si unaona saa?" Akasema, "Naiona." Ndipo ukalia. Ulilia umesimama, mikono imening'inia, kama ulivyolia ulipokuwa mdogo ukisubiri mtu akubebe. Nikakukumbatia. Nilikukumbatia, Adhi, na mikono hii.

Jioni tulipoirudia, mashine ilikuwa inashika vizuri. Ukamuuliza ilikuwa nini. Akasema, "Kitu kidogo." Ukamlipukia. "Kitu kidogo, na umekaa nayo siku nzima? Wewe ni fundi wa aina gani? Afadhali ungeniambia huwezi!" Watu waligeuka. Yeye akainamisha kichwa, akakataa kulipwa, na mimi nikakuvuta mkono nikisema, "Twende, nyathina, mwanangu, usitukane mtu mzima." Nilikufunza adabu! Tangu siku hiyo hukumsalimia tena, na ulimwambia Beryl na wenzako wote kwamba pale hakuna fundi. Wengine waliacha kwenda. Salim hakujitetea hata siku moja.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Wa kwangu alizaliwa jioni ileile akakaa nami mwaka mzima mezani. Beryl alienda chuo, wewe ukabaki ukifundisha watoto wa jirani hesabu. Nilikuona ukibadilika. Ukawa mtu wa kukagua kila kitu mara tatu: mlango, jiko, chaja. Siku moja unapanga vyombo ukasema, kama mtu anayezungumzia mvua, "Pengine mimi sina bahati tu, Mama. Wengine mashine hazizimiki." Nilitoka nje nikaenda kusimama nyuma ya choo. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko mwaka uliopotea. Mwaka umepatikana tena. Ulirudia mtihani na ukaupita, na asubuhi hiyo nilienda kushinda kanisani ili nisiwe karibu na ile meza. Lakini kukufanya uamini kwamba dunia ina neno na wewe, wakati ni mamako, hilo sijui kama linarudi.

Barua ya chuo ilipokuja, nilimwambia Achieng'. Sikupanga. Ulikuwa umeenda kununua sukari ya kusherehekea, naye alikuwa anacheka peke yake huku akishona, nikashangaa. Nikamuuliza, "Huumii?" Akasema, "Kuumia na nini?" Ndipo yakanitoka yote.

Aliweka mkasi chini. Dada yako hana kelele, unamjua. Akasema, "Mama, uliogopa kwa ajili yangu na hukuniuliza."

Nikamwambia kuhusu siku ile mteja aliposema maneno yake na yeye hakuinua kichwa. Akasema, "Nilikuwa nakata kola! Ningeinua kichwa ningekata kidole." Halafu akalia kwa hasira. "Mimi ndiye nilimfundisha Adhi kuandika jina lake. Nilizunguka nyumba kumi nikiomba waya. Na muda wote kumbe kufuli ni mimi? Umenifanya kufuli ya mdogo wangu bila kuniambia?" Baadaye akasema jambo moja zaidi: "Mwambie wewe, kabla hajaenda. Usipomwambia, mimi sitamwambia. Lakini tutakuwa tunakaa hapa wawili tukijua." Tangu siku hiyo amekuwa akinipa nyuzi na vifungo bila kunitazama, nawe ukadhani tumegombana juu ya kitambaa.

Nikaenda Kendu Bay kwa mama yangu, nikitafuta mtu wa kuniambia kwamba angalau desturi ilikuwa upande wangu. Unamjua bibi yako, macho yameisha lakini ulimi haujaisha. Alinisikiliza mpaka mwisho akitafuna karanga. Akasema, "Nani alikwambia hiyo ni ya shule? Ni ya kupanda na ya kuolewa. Na hata hapo mkubwa akisema pita, mdogo anapita. Wewe ulimuuliza Achieng'?" Nikasema hapana. "Na Atieno, ulimuuliza?" Nikaokota maganda ya karanga. Akasema, "Atieno alikuambia pita. Si alikusuka nywele? Ulidhani anakusuka kwa nini?"

Kisha akaniambia nisilolijua. Kwamba Atieno alikuwa akija Kendu Bay kila Krismasi kutoka Ntimaru na kukaa siku mbili, akiniulizia mimi, "Akinyi atakuja?" Kwamba hakuwa na kinyongo, alikuwa na duka lake na alikuwa na raha zake. Kwamba alikufa kwa malaria, si kwa harusi yangu. "Wewe ndiye uliacha kumwendea," mama akasema. "Sisi tulidhani una kiburi cha mume. Kumbe ni aibu."

Miaka yote hiyo niliogopa kwamba nilimpoteza dada yangu kwa kumruka, na kumbe nilimpoteza kwa kumkwepa. Angekuwa hai leo ningeenda Ntimaru kwa miguu.

Jumanne nilienda kwa Salim. Nilisimama dukani kwake kama wewe siku ile, mikono imening'inia, nikamwomba msamaha. Alinipa kiti. Akasema, "Ulinishika mkono kwa nguvu, Mama Achieng'. Nikasema huyu mama ana jambo kubwa, si langu kuingilia." Akachezea bisibisi. "Lakini ningeisukuma tu. Dakika zile thelathini na tano, mimi pia nilikuwa nazo. Nina binti wa umri wake." Nikaona kwamba nilimgawia mtu mwingine kosa langu na amekuwa akililea. Nikamwambia nitakueleza yote. Akasema, "Akijua, mwambie apite anisalimie. Sitaki maneno. Salamu tu."

Kwa hiyo nina agizo moja tu katika barua hii yote, na ni hilo. Kesho, kabla ya gari, pitia kwa Salim. Hata kama mimi hutaki niende nawe.

Sasa nikwambie nilivyopanga, ili usinione bora kuliko nilivyo. Nilipanga kuikunja barua hii na kuitia ndani ya mfuko wa laptop, chini ya chaja, ili uikute Eldoret. Nilishaona hata picha yake: wewe uko mbali, unasoma kitandani, mimi niko hapa na cherehani, na hasira yako inalazimika kupanda gari kunifuata. Nilikuwa nimeshafungua zipu ya mfuko huo. Mkono wangu ulipoingia ukagusa ukingo wa mashine, upande wa kushoto, na kidole gumba kikaikumbuka ile swichi bila mimi kukituma. Nikautoa mkono kama niliyeungua. Nilikuwa narudia, Adhi. Tena kuigusa laptop yako wewe hupo, tena kukufanyia jambo nyuma yako na kwenda kuchemsha chai.

Hapana. Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha vya kutosha.

Mkifika jioni hii nitakupa barua mkononi. Nitakuomba uisome hapa, kwenye meza hii, nami nitaketi kwenye kiti cha cherehani, mbele yako, bila kazi mkononi. Achieng' nimemwomba akae nasi. Ukitaka kupiga kelele, piga. Jirani akija tutamwambia ni nyoka. Ukitaka kuniuliza, uliza mara tatu kama ulivyozoea, nami nitajibu mara tatu. Ukitaka kuondoka ukalale kwa kina Beryl na kesho nisikusindikize, mlango sitausimamia. Na ukifika huko usiponipigia simu, wiki au mwaka, sitasema mtandao ni mbaya. Nitajua ni wewe, na nitangoja, na mwaka ukiisha nitakuja mimi. Sitafanya ya Ntimaru tena.

Una bahati kama watu wengine, mwanangu. Hiyo mashine haikuwahi kukukataa.

Swichi iko upande wa kushoto, karibu na tundu la kuchomeka spika za masikioni, rangi moja na mashine. Ukiisukuma mbele inawaka, ukiirudisha nyuma inazima. Sasa unajua yote ninayoyajua.

Mamako,
Akinyi